Walikuja Haraka

Karatasi zilifika karakanani pamoja na mzigo wa mashati. Mashati yenyewe yalikuwa ya polisi, mia na ishirini, ya kugeuzwa kola na kukazwa vifungo, na juu ya furushi la kwanza palikuwa na bahasha nene. Bosi aliifungua, akasoma huku amekunja uso, kisha akapita meza kwa meza akigawa kama mwalimu wa zamu.

"Jazeni wakati wa chai," alisema. "Kituo kinataka kujua wananchi mmeridhika nacho kiasi gani. Msiandike majina. Na mashati yatoke leo saa kumi, kwa hiyo mikono ifanye kazi kuliko midomo."

Yalikuwa maswali sita tu. Je, polisi wa mtaa wako wanakuja haraka unapowaita? Je, wanaongea nawe kwa heshima? Je, unajisikia salama unapowaona? Kila swali lilikuwa na vyumba vitano vya kutia alama, kuanzia sijaridhika kabisa mpaka nimeridhika sana.

Mama Pindo aliitazama ile karatasi kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua. Jina hilo alipewa palepale karakanani, kwa kuwa hakuna aliyemfikia kwa kupinda suruali. Pindo lake ungelitafuta kwa miwani. Mbele yake, cherehani zikitazamana, alikaa Dada Kifungo, mwanamke mweupe aliyemzidi miaka sita. Miaka kumi na mmoja walikuwa wametumia meza moja, birika moja na mkasi mmoja mzuri ambao hawakumwazima mtu. Katika watu tisa wa karakana ile, weusi walikuwa watatu: Mama Pindo, binti wa kukata vitambaa, na Mzee wa Pasi aliyesimama siku nzima kwenye mvuke akinyoosha.

Dada Kifungo hakufikiria mara mbili. Aliteremka na kalamu, nimeridhika sana, nimeridhika sana, mpaka chini.

"Wewe unajaza kama unakaza vifungo," Mama Pindo alimwambia.

"Sasa nisubiri nini, mdogo wangu? Siku mume wangu alipoanguka bafuni, hao watu walifika kabla ya gari la wagonjwa. Yule kijana askari alikaa sakafuni kwenye maji, akamshika mkono mpaka mwisho. Nimpe alama gani mtu kama huyo?"

Mama Pindo aliyajua hayo. Mazishini alimwona kijana huyo kwa macho yake, amevua kofia, macho mekundu. Dada Kifungo hakuwa anadanganya wala hakuwa anajipendekeza kwa mtu. Alisema lililompata.

"Mimi nimetia zote katikati," alisema Mzee wa Pasi kutoka kwenye mvuke wake. "Katikati hakuna anayekufuata nyumbani."

Binti wa kukata alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Mama Pindo naye alicheka puani. Wale wengine walitabasamu tu, kwa adabu, kama wageni wanaposikia utani wa familia.

"Lakini hamtaandika majina," Dada Kifungo alisema.

"Dada," Mzee wa Pasi alimjibu, "sisi jina la nini? Tuko watatu."

Mama Pindo aliikunja karatasi yake bila alama hata moja, akaitia kwenye droo ya nyuzi. Angeandika nini? Kwamba mwaka juzi, ndani ya mwezi mmoja, mwanawe alisimamishwa mara nne kati ya nyumbani na kazini? Mara ya kwanza alifanana na mtu wanayemtafuta. Mara ya pili alikuwa anatembea haraka. Mara ya tatu alikuwa anatembea polepole. Mara ya nne hawakuhangaika kutaja sababu, walimwaga begi lake chini, wakatazama mkate na randa yake ya useremala, wakamwambia okota. Chumba cha kutia alama hiyo hakikuwepo.

Na leo hakuwa na nafasi ya kuwaza karatasi. Ndani ya mfuko wa aproni yake, amekizungushia kipande cha kitambaa laini, alikuwa na kifaa cha sikio cha mwanawe.

Kijana huyo alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mrefu, mabega ya kuinamia mlango. Alirithi jina la babu yake mzaa mama, na kwa heshima hiyo mama yake hajawahi kumwita vingine ila Baba. Alipokuwa na miaka mitano homa ilimpanda kichwani, ikaondoka na masikio yake. Maneno alikuwa ameshayajua, kwa hiyo anaongea, ila sauti yake ni moja tu, haipandi wala haishuki, na asiyemjua hudhani kijana amekasirika. Kwa kile kifaa anasikia nusu, nusu nyingine anaisoma midomoni. Bila kifaa, labda umpigie ngoma ubavuni. Alikuwa fundi kwenye karakana ya mbao, upande wa pili wa barabara kuu, na msimamizi wake alipenda kumtania: mashine zinatutia wazimu wote, yeye anazima masikio anaendelea kupiga randa.

Asubuhi kifaa kililia filimbi, kikafa. Mama Pindo alikichukua ili saa saba akipeleke kwa fundi saa, ambaye hutengeneza na vitu vidogo vya namna hiyo, kisha akirudishe kabla kijana hajatoka kazini saa kumi. Fundi saa alikitengeneza vizuri. Kilichobaki ilikuwa kukifikisha.

Kwa mama huyu kile kifaa hakikuwa masikio tu. Kilikuwa kitambulisho. Alimfundisha mwanawe tangu akiwa mdogo, kama wengine wanavyowafundisha watoto sala: usitie mikono mfukoni. Usikimbie, hata mvua ikinyesha. Patasi zikae chini kabisa ya begi, zimefungwa kitambaa. Ukishikwa bega, usiruke, geuka taratibu. Na kabla hujafungua mdomo, gusa sikio lako, waone kile kifaa, waelewe. Mara tatu katika zile nne, ni kifaa kilichomtoa.

Ilipofika saa tisa mashati arobaini yalikuwa bado. Bosi alisimama mlangoni na saa yake.

"Bosi, naomba nusu saa tu," Mama Pindo alisema. "Nimpelekee mwanangu kitu chake."

"Mama Pindo, gari lao linakuja saa kumi. Nikimwachia mmoja, nimewaachia wote. Mpigie simu."

Mpigie simu, mtu asiyesikia. Lakini alimwandikia ujumbe: Baba, nisubiri hapohapo kazini, usitoke mpaka nije. Akauweka ule mstari machoni, anapinda kola, anatazama simu, anapinda kola, anatazama simu. Hakuna jibu. Sindano ikamchoma kidole, jambo lililokuwa halijampata kwa miaka, na tone la damu likaingia kwenye shati la afande mmoja asiyemjua. Akalisugua kwa mate.

Saa tisa na nusu akampigia msimamizi wa mbao.

"Ametoka kitambo, mama. Kazi iliisha mapema, nimewaruhusu. Simu yake hii hapa, ameiacha inachaji."

Mama Pindo aliweka simu juu ya meza polepole, kama imejaa maji.

"Nini?" Dada Kifungo aliuliza.

"Ametoka. Hana kifaa, hana simu. Na leo ni siku ya kwenda kunoa, begi lake limejaa patasi."

"Si anazijua njia."

"Njia anazijua, dada. Anakuja huku kunifuata, atapita barabara ya maduka yote ile. Wakimwita kwa nyuma hatageuka. Ndicho ninachoogopa. Wewe hujui wanavyofanya mtu asipogeuka."

Dada Kifungo alimtazama. Tusimwonee, alimtazama kwa huruma ya kweli. Aliona uzi wa mwenzake haupiti kwenye tundu la sindano. Alimtungia yeye uzi. Kisha akasimama, akasema anakwenda kunawa, akatoka kwenye korido.

Mama Pindo alishona mashati manne. Alikuwa anapiga hesabu ya mwendo: kutoka karakana ya mbao mpaka kwenye taa za barabarani, kutoka taa mpaka duka la viatu, kutoka hapo mpaka duka la samani ambako kijana hawezi kupita bila kusimama, maana akiona kiti kizuri dirishani lazima akikague miguu kama daktari. Hatakiwi kusimama. Alikwishamwambia, dukani ingia au pita, usisimame nje. Lakini unaweza kumwambia seremala asitazame kiti?

Dada Kifungo alirudi na uso mweupe peee, mtulivu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Tulia sasa, mdogo wangu. Nimeshamaliza."

"Umemaliza nini?"

"Nimewapigia."

"Umewapigia akina nani?"

"Polisi. Nimewaza hivi: tatizo lenu ni kwamba hawamjui. Wakimjua mapema hawatamkosea. Basi nimewaeleza. Yule binti wa simu ana sauti nzuri, hana haraka, ameandika kila kitu. Nimemwambia ni kijana mweusi, mrefu, ana koti la kijani na begi mgongoni, anapita barabara ya maduka. Nimemwambia hasikii, wakimwita hataitika, wasishangae. Tena nikaona nisifiche neno, nimemtajia na zile patasi, wasije wakaziona ghafla wakashtuka. Amesema wanatuma gari sasa hivi."

Cherehani ya Mama Pindo ilisimama. Pale kwenye pasi, mvuke nao ulikatika; Mzee wa Pasi alikuwa amesikia.

"Dada," alisema Mzee wa Pasi, taratibu sana, "umefanya nini?"

Mama Pindo hakuwa na hasira bado, hasira ingekuja baadaye. Alichokuwa nacho ni kuona. Aliona yale maneno yanavyosafiri. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameona suruali zikiingia karakanani na maelezo marefu ya mteja: ipunguzwe inchi mbili, ila kiunoni msiguse, mwenyewe ni mgonjwa, jioni huvimba. Ikitoka mapokezi kwenda kwa mkataji, yamebaki nusu. Ikifika meza ya tatu kimebaki kikaratasi: punguza. Ile sehemu ya huruma ndiyo hudondoka kwanza, kwa sababu ndiyo ndefu. Sasa binti wa sauti nzuri ameandika, atamsomea mwingine, mwingine atatangaza kwenye simu ya upepo, na askari ndani ya gari, dirisha wazi, kelele za barabara, atasikia nini? Mweusi. Mrefu. Makali. Haitikii.

Alisimama. Futi ya kupimia ilikuwa shingoni, hakuitoa.

"Mama Pindo, mashati," bosi alisema.

"Mashati hayo hapo."

Alitoka. Nyuma yake alisikia kiti cha Dada Kifungo kikikwaruza sakafu, na viatu vyake vikimfuata. "Nisubiri, basi. Tunakwenda wote. Utaona, watakuwa wameshamsaidia."

Ngazi alizishuka mbilimbili, goti likilia. Barabarani alikimbia mpaka kwenye kona ya benki. Na hapo kwenye kona akaliona gari la doria likipita mbele yao, bila king'ora, taa tu zinazunguka, linaelekea kulekule kwa maduka.

"Unaona?" Dada Kifungo alisema akihema. "Dakika sita hazijafika. Walivyo wepesi."

Walipokunja kona, mama aliona kila kitu kwa mara moja. Mwanawe alikuwa amesimama mbele ya dirisha la samani, kisogo barabarani, ameinama kidogo anachungulia ungio la mguu wa meza. Gari la polisi lilikuwa limepandisha tairi moja kwenye njia ya waenda kwa miguu. Askari wawili wameshatoka, mmoja mtu mzima mwenye sharubu, mmoja kijana, siye yule wa mazishini. Sharubu alikuwa anapaza sauti: weka begi chini, geuka, mikono juu. Watu walikuwa wameanza kurudi nyuma na kuacha uwazi, na kwenye uwazi ule alibaki kijana mrefu mwenye koti la kijani, asiyejua kwamba yupo mtu mwingine duniani zaidi yake na ile meza. Alikuwa anapapasa mfuko wa ubavuni wa begi. Mama alijua anatafuta nini. Anatafuta penseli, achore lile ungio.

Miguu yake ilitaka kuruka. Akaizuia. Hapo ndipo alipokufa na kufufuka mama yule, na anayesoma asidhani ni maneno tu. Kwa sababu alijua, kama anavyojua njia ya jikoni kwake gizani, kwamba mtu mweusi anayewakimbilia askari kwa nyuma, hata awe mama, hata awe na futi shingoni, anawapa jambo la pili la kuogopa, na askari aliyeogopa mara mbili hufanya jambo mara moja. Alimkataza mwanawe kukimbia miaka yote ile. Sasa zamu ilikuwa yake. Alitembea. Mikono ameitandaza mbele, viganja wazi, hatua, hatua, anasema kwa sauti aliyoilazimisha isipande: "Afande, hasikii. Afande, ni kiziwi huyo. Ni mwanangu. Hasikii."

Hawakumsikia. Au walisikia sauti nyuma tu, moja katika nyingi. Mkono wa Sharubu ulikuwa kiunoni.

Dada Kifungo alimpita mbio. Alimpita kama mtu anayewahi mlango wa duka usifungwe, mikono hewani, kibeti kikimpiga ubavuni, akaingia kwenye ule uwazi moja kwa moja na kumshika Sharubu mkono wa shati, ule ule wa kiunoni.

"Ni mimi niliyepiga simu," alisema. "Ni mimi. Hasikii huyo, niliwaambia."

Na Sharubu hakumfanya kitu. Mama Pindo aliliona hilo na hatalisahau. Alimshika mkono mwanamke yule kwa upole, akasema, "Mama, rudi nyuma kidogo, usiumie," kama mtu anayemvusha bibi yake barabara.

Lakini askari kijana alikuwa ameshafika dirishani. Alimshika yule seremala bega.

Naye hakuruka. Aligeuka taratibu, kama alivyofundishwa, na aligeuka akitabasamu, kwa sababu watu wanaomshika bega ni marafiki zake wa kazini, hana mwingine amgusaye hivyo. Alikuwa na penseli mkononi. Askari aliona mkono unatoka kwenye begi na kitu chembamba, na juu yake tabasamu, akadhani anafanyiwa mzaha. Akampiga mtama. Kijana mrefu alianguka mzima mzima, kidevu kikagonga ukingo wa zege, begi likapasuka mdomo, patasi zikamwagika zimefungwa kwenye vitambaa vyake kama watoto wachanga. Goti likamkaa mgongoni. Mkono wake wa kulia ulivutwa nyuma kwa pingu, ukavutwa zaidi ya pale mkono unapofika.

"Acha kubisha," askari alimwambia kisogoni. "Nasema acha kubisha."

Uso wake ulikuwa umegeuziwa zege. Hakukuwa na mdomo wa kusoma.

Mama Pindo alifika kwa mwendo ule ule. Alipiga magoti mbali kidogo, viganja bado juu, akalala ubavu pale pale njiani, kanga na aproni vumbini, mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mwanawe. Akatembeza midomo bila sauti: Baba. Mimi hapa. Legeza mkono. Usivute. Tulia.

Macho ya kijana yalimwona. Mkono ukalegea.

Walimkalisha ukingoni. Mama alitoa kifaa kwenye kitambaa chake akakionyesha kwanza, akakifungua kwenye kiganja ili waone ni nini, akaomba ruhusa ndipo akamvalisha mwanawe. Ilichukua robo saa. Walitazama kitambulisho, wakazihesabu patasi, wakaongea na simu ya upepo, wakamfungua.

"Sisi tuliambiwa mwanaume ana vitu vyenye makali na hatii amri," Sharubu alimweleza Dada Kifungo. Alikuwa anamweleza yeye, macho kwa macho.

"Mimi sikusema hivyo. Nilisema hasikii."

"Ndivyo ilivyotufikia, mama. Lakini ulifanya vyema kutoa taarifa, watu kama wewe mnatusaidia sana. Pole kwa usumbufu." Kisha akamgeukia Mama Pindo, sauti ikabadilika kidogo tu, kiasi cha mtu anavyobadilisha mkono wa kubebea mfuko. "Na wewe, mfundishe kijana wako akiona polisi awe anatii. Leo ana bahati."

"Asante, afande," alisema Mama Pindo. Alisema asante. Angesema lolote lile ili lile gari liondoke.

Liliondoka. Watu walitawanyika, mwenye duka la samani akatoka na ufagio akafagia vipande vya penseli. Dada Kifungo aliokota patasi moja moja, akizifuta kwa sketi yake.

"Si wamemwachia, mdogo wangu?" alisema. "Wamekuja haraka, na wamemwachia."

"Wamekuja haraka," alisema Mama Pindo.

Kidevu cha mwanawe kilikuwa kinavuja damu, akakikandamiza kwa aproni. Mkono wa kulia kijana alikuwa ameukumbatia kifuani. Kifundo kilikuwa kimeanza kuvimba, kile kifundo kinachosukuma randa. Alijaribu kukunja vidole. Viwili vilikunjika, vingine vilibaki vinamtazama.

Walitembea watatu kuelekea zahanati, kijana katikati. Hapo kwenye kona ya benki alisimama. Alimtazama mama yake midomoni, kisha akauliza, kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka:

"Nani aliwaambia nina patasi?"

Mama Pindo alifumba mdomo. Lilikuwa neno jepesi la kudanganya. Angeweza kusema jirani, mpita njia, sijui. Miaka kumi na mmoja ya birika moja ilisimama upande mmoja, na upande wa pili alisimama mtoto aliyefundishwa kusoma midomo kwa midomo hii hii.

Dada Kifungo ndiye aliyezunguka akaja mbele ya kijana. Alijua lazima auelekeze uso wake kwake, na aliuelekeza, machozi yakimshuka bila kuyafuta.

"Mimi," alisema. "Nilitaka wakulinde."

Kijana alimsoma midomo. Alikuwa amekula mikate ya mwanamke huyu tangu akiwa na miaka kumi. Shati alilovaa chini ya koti, vifungo vyake ni vya mkono wake. Mwishoni alitikisa kichwa, polepole, kama afanyavyo pale mteja anapomweleza kazi isiyowezekana kwa mbao aliyoleta.

"Dada," alisema, "wewe wanakulinda."

Akaendelea kutembea.

Zahanati walisema mshipa umechanika, wiki nane bila randa, na baada ya hapo wataona. Karakanani meza haikubadilika. Asubuhi moja baada ya nyingine wale wawili walikaa cherehani zikitazamana, wakaazimana mkasi, wakachemsha chai, na Dada Kifungo hakuacha kuuliza, kwa moyo safi, mkono wake unaendeleaje, ameanza kazi, anarudi nyumbani saa ngapi siku hizi, anapita wapi.

"Hajambo," Mama Pindo humjibu, akikata uzi kwa meno. "Hajambo, dada."

Saa anayotoka hakuitaja tena, wala njia anayopita.